Ngoma Zilipohamia Kwenye Kinanda

Sanduku lililonifuta kazi ya ngoma nililipokea mwenyewe, nikalibeba mwenyewe, na kwenye karatasi ya mzigo nikatia sahihi yangu mwenyewe. Nilikuwa upande wa mizigo pale uwanja wa ndege wa Juba, miaka ile ya baada ya mkataba wa amani na kabla ya kura ya kujitenga, wakati kila kitu kuanzia misumari hadi mayai kilishuka kwa ndege kutoka Nairobi au Entebbe. Sanduku lilikuwa refu, limeandikwa jina la msichana wetu wa kinanda. Nikafurahi, mjinga mimi. Nikalifunga kwenye pikipiki kwa mpira na kulipeleka mtaa wa Atlabara polepole, nikikwepa mashimo kama mtu aliyebeba trei za mayai.

Ndani yake mlikuwa na kinanda kipya, na ndani ya kinanda mlikuwa na ngoma za kila aina. Unabonyeza kitufe, zinalia zenyewe. Hazichoki, haziendi msalani, hazilalamikii joto. Na mimi ndiye niliyekuwa mpiga ngoma wa bendi hiyo. Basi unaiona shida yangu.

Tulikuwa wanne. Kiongozi wetu, mpiga gitaa, alikuwa Mkenya mwenzangu, mwalimu wa hesabu katika shule moja ya binafsi, na watu wote walimwita Mwalimu, hata wenye hoteli. Wa besi alikuwa Mganda aliyeuza vipuri vya pikipiki soko la Konyo Konyo, mtu mnene, mpole, aliyesema Kiswahili chake bila kujali sisi wa Kenya tunacheka nini. Wa kinanda alikuwa msichana wa hapo hapo Juba aliyekulia Nairobi, akarudi nyumbani baada ya amani na Sheng yote mdomoni, akapata kazi benki. Kila Jumapili baada ya kanisa tulipiga katika hoteli moja kando ya mto, ile ya vyumba vya makontena, kuanzia saa tisa mchana.

Na tulipiga roki. Si ile ya kurukaruka, la. Roki ya Mwalimu ilikuwa na nyimbo ndefu zenye sehemu, kama kitabu chenye sura. Wimbo wetu mkubwa ulisimulia Mto Nile tangu unapotoka ziwani hadi unapoingia baharini, dakika ishirini na mbili, sehemu sita. Sehemu ya tatu, penye maporomoko, ilihesabiwa saba saba. Ya tano, kwenye vinamasi, ilihesabiwa kumi na moja, na gitaa la Mwalimu lilipotea humo muda mrefu kiasi kwamba mtu aliweza kuagiza samaki, akakaangwa, akaletwa, akaliwa, na Mwalimu bado yumo matopeni. Mimi nilikuwa naupenda wimbo ule jamani. Nikiufikia mwisho wake shati limeloa, nilijiona mtu mzima kuliko siku nyingine zote za wiki.

Kulikuwa na siri moja katika upigaji wetu, ingawa sisi hatukuiona kuwa siri. Hakuna aliyehesabu isipokuwa mimi. Wenzangu walitazama kidevu changu. Nikikipandisha, tunahamia sehemu nyingine. Nikikishusha mara mbili, tunafunga. Miaka mitatu tukienda hivyo, hata Mwalimu, mtu wa hesabu, alikuwa ameacha kabisa kuhesabu. Alifumba macho akipiga gitaa lake, halafu akifungua, la kwanza ni kidevu.

Mke wangu alikuwa Nakuru na watoto wetu wawili, akishona nguo. Wiki ile ya sanduku akanipigia simu mchana, jambo ambalo si kawaida yake.

“Baba watoto, nakuja.”

“Kuja wapi?”

“Juba. Kwani kuna ukuta? Nimechoka kuolewa na simu.”

Nilikuwa nimepewa karatasi za mkataba mpya kazini, mwaka mwingine mmoja, nizirudishe zikiwa na sahihi Jumatatu. Nilikuwa nimemwambia, na yeye alikuwa amenyamaza tu, nikadhani yameisha. Kumbe alikuwa anapanga safari. “Kila likizo unaniambia bendi, bendi,” akasema. “Nataka niione kwa macho yangu. Nikiona kweli ni kitu cha kumweka mwanamume mbali na watoto wake mwaka wa nne, nitanyamaza, utasaini. Nisipoona, unarudi na mimi. Na sikutishi, nakuambia tu.”

Namjua mke wangu. Akipiga kelele hakuna neno. Akisema polepole vile, ujue ameshakata shauri. Lakini sikuogopa sana. Nilijiambia akiniona tu nyuma ya zile ngoma, miguu ikienda kumi na moja na mikono ikienda njia yake, ataelewa. Ndoa yangu yote niliiweka juu ya wimbo wa dakika ishirini na mbili.

Jioni hiyo hiyo ndipo nilipopeleka sanduku Atlabara, kwenye darasa tulilokuwa tukifanyia mazoezi, na ndipo nikaelezwa.

Meneja wa hoteli, mama mmoja Mkenya asiye na mchezo, alikuwa amemwita Mwalimu. Watu wanakula vizuri, alimwambia, wanasikiliza vizuri, halafu wanaondoka kwenda kucheza hoteli ya jirani. Ama watu wacheze hapa, ama analeta mtu wa kupiga santuri. Msichana wa kinanda alikuwa na dawa tayari. Tuwe bendi ya vinanda: sauti safi, nyembamba, zinazong'aa, nyimbo fupi, mdundo ulionyooka, kibwagizo ambacho mtu anakiimba akienda nyumbani. “Maze, watu wanataka kucheza,” alisema. “Hawataki mtihani.”

Nilimtazama Mwalimu nikingoja awake. Huyu ni mtu aliyewahi kunikemea mbele ya wageni kwa kupiga mdundo “ambao kila mtu anaweza kuufuata.” Kumbe yeye ndiye alikuwa ameokoka kuliko wote. Alikuwa ameshaenda kwenye mitumba akanunua koti la kung'aa lenye mabega mapana, na alikuwa amelivaa, Juba, kwenye joto la kuivisha mkate. Wimbo wa Nile alikuwa ameufyeka ukabaki dakika tatu na nusu. Ameondoa maporomoko, ameondoa vinamasi. Mto ulitoka ziwani ukaingia baharini moja kwa moja kama ndege ya Entebbe.

“Na mimi?” nikauliza.

Mwalimu akaanza kupangusa koti ambalo halikuwa na vumbi.

“Malesh, pole ndugu yangu,” Mganda akasema akiangalia nyuzi zake. “Ngoma yote iko ndani ya kinanda.”

Nina hasira za karibu, sikatai, mama yangu alinisema sana kwa hilo. Nilimwita Mwalimu msaliti. Msichana nikamwita mtoto wa juzi. Mganda, ambaye hakuwa na kosa lolote, nikamwita gunia. Gunia! Mtu aliyezisafirisha ngoma zangu kutoka kwao Arua kwa lori, akilala juu yake siku mbili ili zisiibiwe. Nikapiga teke kiti cha mwanafunzi, kikaanguka, nikaondoka nikiwa nachechemea maana kilikuwa cha chuma.

Jumatano wakanitumia ujumbe: njoo, tumekwama. Nikaenda, si kwa upendo, nilitaka kuona wamekwama vipi. Walikuwa wanapambana na kitufe. Mashine ilihesabu nne, hesabu ya mtoto wa chekechea, na bado wote watatu waliingia vibaya, kila mmoja mahali pake. Kila ilipofika zamu ya kubadilisha, niliwaona wanageuza shingo kutazama kiti changu kitupu. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

“Buda, usicheke,” msichana akasema. “Njoo tu ukae mbele yetu hapo. Huna haja ya kupiga. Utikise kidevu.”

“Nitikise kidevu?”

“Eeh. Kazi ni hiyo tu.”

Pale shuleni kulikuwa na wale mijusi wenye vichwa vyekundu, wanashinda ukutani kutwa wakipandisha na kushusha vichwa bila sababu. Mmoja alikuwa dirishani wakati huo huo. “Mimi si mjusi!” nikawaambia, nikatoka tena. Safari hii sikupiga teke chochote.

Lakini mke alikuwa anashuka Jumamosi. Alhamisi nikarudi mdogo kama kidonge cha piritoni. Nikamwomba Mganda radhi kwanza, akanikumbatia akasema gunia ni kitu ya maana, hata mchele inakaa ndani. Halafu nikawaeleza lote: mke anakuja, karatasi za Jumatatu, anachotaka kuona. Nikaomba kitu kimoja. Jumapili wapige nyimbo zao mbili tatu mpya, sawa, kisha tupige Nile nzima, ya zamani, na mimi nyuma ya ngoma zangu. Mara moja tu.

Mwalimu alivua koti lake nadhani kwa heshima. “Tutapiga, ndugu yangu,” akasema. “Hata vinamasi tutapiga. Mpaka zamu yako ifike, kaa mezani na shemeji, mle samaki.”

“Na kidevu?” msichana akauliza.

“Nitakaa meza ya mbele,” nikasema. “Mtaniona.”

Hilo nililisema mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Alishuka Jumamosi na ndege ya saa nne, kitenge kimenyooka, viatu vya kanisani, anajipepea na pasi ya kupandia ndege. “Kwani mlango wa tanuri ni upi, tuufunge?” lilikuwa neno lake la kwanza kwenye ardhi ya Juba. Tulicheka njia nzima. Lakini alipoingia chumbani kwangu akatulia, akakizunguka kama fundi anayepima kitambaa: kitanda kimoja, chandarua kimoja, ndoo, kikombe kimoja.

“Kikombe kimoja,” akasema.

“Nitanunua kingine.”

“Sijasema ununue.”

Usinambie ningemweleza habari za kinanda wakati huo. Sikuweza. Nilimwambia tu kwamba kesho kuna utangulizi kidogo, halafu ndipo ataona.

Jumapili hoteli ilijaa. Walikuwepo wahasibu na wauguzi wa Kenya waliotoka ibadani, wenye maduka wa Kiganda na wake zao, vijana wa kambi ya jeshi ya Bilpam katika mashati ya Jumapili, na Wazungu wawili watatu wa mashirika waliokuja kusikiliza vinamasi. Ngoma zangu zilikuwa pale nyuma zimefunikwa shuka. Mke wangu aliuliza zile ni nini, nikamwambia subiri.

Wimbo wa kwanza mpya ukaanza. Nataka niseme ulikuwa mbaya. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubaya wake wiki nzima. Lakini ulikuwa mtamu. Kinanda kilimwagika kama maji baridi, besi ya Mganda ikakaa chini yake imetulia, na msichana akaimba kwa sauti ya mtu anayekuambia jambo lako mwenyewe. Kabla ya kibwagizo cha pili watu walikuwa wamesimama. Mama mmoja wa Kibari, kabila la pale pale Juba, akapiga vigelegele. Hata meneja alionekana akitikisa bega moja nyuma ya kaunta. Miaka mitatu nilikuwa nimewapigia watu hawa kwa jasho lote na hakuna aliyewahi kunyanyua mguu. Nilisikia wivu, nakuambia, wivu wa kuchoma kifuani.

Wimbo wa pili ulikuwa katikati, watu wamechangamka, vumbi linapanda, mke wangu akaniinamia sikioni.

“Hii ndiyo bendi yako?”

Nami nikaitikia kama mtu yeyote anavyoitikia akiulizwa swali na mkewe penye kelele. Kidevu juu kidogo, halafu chini, chini.

Mwalimu akakata gitaa papo hapo. Mganda akazima besi. Msichana akainua mikono hewani kama tulivyozoea kumaliza. Wote watatu wakasimama kimya wakinitazama, na mashine, ambayo haikunijua mimi wala kidevu changu, ikaendelea peke yake: tu-ta, tu-ta, tu-ta. Wachezaji hawakushtuka hata kidogo.

“Mbona umetufungia?” Mwalimu akasema kwenye kipaza sauti, hoteli nzima ikasikia.

“Kidevu ilishuka mbili!” Mganda akaapa. “Mimi iliona!”

Watu wakageuka kututazama. Mke wangu akaweka kijiko chini.

“Wanakuongelesha wewe?”

Nikamweleza yote kwa pumzi moja. Sanduku, ngoma zilizomo ndani ya kinanda, kiti nilichopiga teke, mjusi. Nikamwambia kwamba bendi haina mpiga ngoma tena, kwamba nilikuwa nimeomba wimbo mmoja ili anione, kwamba zile chini ya shuka ndizo ngoma zangu. Nilikuwa naona aibu mpaka masikio yanawaka. Nikangoja aseme basi, pakia vitu.

Akaanza kucheka. Alicheka akashika meza, akacheka akafuta machozi kwa kona ya kitenge. Halafu akanitazama vizuri.

“Kwa hivyo sasa hivi huna kazi yoyote.”

“Sina.”

“Mikono yako iko wazi.”

“Iko wazi.”

Akavua vile viatu vya kanisani, akavipanga chini ya kiti. “Basi inuka.”

Ni lazima nieleze jambo hapa. Tulikuwa tumeoana miaka kumi na moja na hatukuwa tumecheza pamoja hata mara moja. Kila harusi, kila sherehe ya ukoo, mimi nipo nyuma ya ngoma. Hata harusi yetu wenyewe. Mpiga ngoma wa siku ile alichelewa, nikavua koti langu la bwana harusi nikamwachia mke wangu alishike, nikakaa, nikasema ni wimbo mmoja tu, na bibi harusi wangu akafungua dansi na mjomba wangu mwenye goti bovu. Tuliifanya kuwa kichekesho cha nyumbani. Mimi ndiye niliyekuwa nacheka zaidi.

Nikainuka. Sikujua niweke mikono wapi, nikaweka moja kiunoni mwake na nyingine ikabaki hewani mpaka alipoishika. Nilimkanyaga. Mtu anayeweza kuhesabu kumi na moja kwa miguu, alishindwa na tu-ta, tu-ta. “Acha kuhesabu,” akaniambia. “Naona midomo yako.” Nikaacha.

Msichana alikuwa ameshaingia tena na kinanda chake, na besi ikarudi, na wimbo ukaisha wenyewe ulipotaka. Ndipo Mwalimu, mtu wa neno lake, akashika kipaza sauti akatangaza kwa sauti ya mkuu wa shule kwamba sasa ni zamu ya Mto Nile, wote kamili, na mpiga ngoma wetu apande jukwaani. Msichana akavuta shuka. Ngoma zangu zikawaka juani, nilikuwa nimezing'arisha Ijumaa mchana kutwa.

Mke wangu akaniachia mkono. “Nenda,” akasema. “Si ndicho nilichokuja kuona?”

Alisema vizuri, bila kununa. Lakini alikuwa ameshageuka kuelekea kiti chake, na nikaona jinsi alivyozoea kugeuka kule. Hakuhitaji hata kutazama kiti kilipo.

Nikamshika mkono. Nikamwinulia Mwalimu ule mwingine, nikapaza sauti: “Rudia hiyo hiyo!”

“Ipi?”

“Hiyo ya kitufe!”

Mwalimu alitazama ngoma, akanitazama, akamtazama msichana. Msichana akabonyeza.

“Mbona hukwenda?” mke wangu akauliza.

“Dakika ishirini na mbili ni nyingi.”

Akaweka paji la uso begani kwangu, na sauti yake nikaisikia kwenye mfupa zaidi kuliko sikioni. “Sijawahi kuchukia ngoma zako,” akasema. “Hata siku moja. Nilikuwa nachoka tu kushika koti lako.” Nami nikalia pale katikati ya watu, mchana kweupe, mtu mzima wa mizigo, na wala sikujificha.

Jumatatu nilirudisha karatasi bila sahihi. Alhamisi tukaondoka wote wawili, ngoma nikamwachia Mganda azipeleke kanisani kwao. Nasikia bendi ilivuma sana baada ya hapo, koti na yote, na mwishowe wakajifunza kuhesabu.

Watu huniuliza kwa nini niliondoka Juba wakati kazi ilikuwepo, na mimi huwaambia joto, au watoto, kutegemea na anayeuliza. Ukweli ni kwamba nilikuwa mume wa mwanamke yule kwa miaka kumi na moja. Nilijua chai anaipenda na tangawizi kiasi gani, nilijua analala upande upi. Na kazi yangu ilikuwa kutazama miguu ya watu wakicheza. Lakini hadi Jumapili ile sikujua yeye akicheza huanza na mguu gani. Huanza na wa kushoto.